Kijiti Nilichokiita Msumeno

Lushoto, Jumamosi jioni

Ukungu umekaa juu ya paa letu tangu asubuhi kama mgeni asiyejua kuaga. Baridi ya Julai imeingia hadi kwenye masufuria. Nimeandika mistari hii nikaifuta, nikaandika tena.

Nimeshtuka. Sina neno jingine.

Nimeshtuka kiasi kwamba mchana huu nilisimama mbele ya kioo cha uani, nikafungua mdomo, nikaanza kuyatazama meno yangu. Mwanamke mzima, mwenye binti aliyeolewa, nimekenua kama ng'ombe anayekaguliwa mnadani. Sijui nilitarajia kuona nini. Yalikuwa meno yangu yale yale, na lile moja lililovunjwa na mfupa wa mbuzi.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikianzia kwenye meno nitajipoteza mwenyewe.

Mnaonisoma hapa mtandaoni mnajua kwamba wiki hizi sina habari nyingine ila vijiti vya lesi vya Mama. Kwa aliyefika leo: ipo lesi inayosukwa kwa mkono. Unakuwa na mto mgumu, pini nyingi, na nyuzi. Kila uzi umezungushwa kwenye kijiti chake, chembamba, kirefu kuliko kidole. Unavipishanisha vijiti, hiki juu ya kile, na kitambaa kinatokea chini ya mikono yako polepole mno. Masista walioishi huku milimani zamani waliwafundisha wasichana, wasichana wakawafundisha binti zao. Mimi sikufundishika. Nilikimbilia cherehani.

Wanaojua kazi hiyo wamebaki wawili tu. Mama, na rafiki yake wa tangu usichana, Mama mdogo Rahel wa Mgwashi. Wenzao wote wametangulia, na kila mmoja alipotangulia watoto wake walimletea Mama vijiti vyake kwa kuwa hawakujua wavifanyie nini. Vingine ni vya mama wa hao mama. Boksi lilijaa, likaongezwa boksi.

Sasa umoja wa wanawake wa usharika wetu umeandaa chumba cha vitu vya kale. Kinafunguliwa kesho baada ya ibada. Mama mdogo Rahel naye akatuma vyake, na mimi nikapewa meza ya vijiti: nivipange kwa aina za mapambo yake, kila aina niipe jina, niandike kadi. Nilikubali kwa mbwembwe zote. Mimi ndiye fundi wa sare za shule hapa mjini. Mshono uliopinda nauona mtu akiwa bado ng'ambo ya barabara. Nani angeweza kazi ile kama si mimi?

Basi nikapanga. Vyenye mistari iliyochongwa kuzunguka mwili nikaviita Pete. Kuna msomaji wangu wa Lukozi, ambako nadhani hata usingizini wanaota mboga, alitaka viitwe Karoti, nilimkatalia. Vyenye vidoa vilivyochomwa kwa msumari wa moto nikaviita Madoa ya Kanga. Vyenye mchirizi unaojizungusha kutoka juu hadi chini, Kamba. Halafu kulikuwa na vile ambavyo ncha ya chini imeunguzwa mpaka ikawa nyeusi tii. Viwe na pete au viwe na madoa, nilivitoa kwa wenzake nikavipa kundi lake, nikaliita Usiku.

Usiku ndiyo iliyonipendeza kuliko zote. Niliwauliza hapa mchague, na karibu wote mkachagua Usiku. Dada mmoja aliniomba nimshonee gauni lenye pindo jeusi kama la vile vijiti. Nilimwambia alete kitambaa.

Kijiti kimoja kilinisumbua. Kilikuwa na pete kama vingine, lakini juu ya pete, upande mmoja tu, kulikuwa na chanjo ndogo ndogo za kisu zilizoelekea chini. Hakuna kingine chenye chanjo hizo. Nikakipa kundi la peke yake, nikakiita Msumeno.

Vichwa sikuvijali. Kila kijiti kina kichwa, pale uzi unapofungiwa. Kingine cha mviringo kama harage, kingine bapa, kingine kimechongoka. Nilidhani ni mkono wa mchongaji tu, siku hiyo umeamkaje. Macho yangu yalikuwa kwenye mapambo.

Muda wote huo Mama alikuwa amekaa karibu na jiko la mkaa, shuka mabegani, ananitazama. Hakusema kitu. Mimi nikajipa jibu mwenyewe, kwamba anaona fahari.

Leo baada ya kula nilimletea ubao wenye kadi zote ili aone kabla ya kesho. Macho yake hayasomi tena maandishi madogo, nikamsomea. Pete, akaitikia. Madoa ya Kanga, akaitikia. Nikafika kwenye ile niliyoipenda, nikasoma kwa sauti ya mtangazaji: "Usiku, aina nzuri kuliko zote."

Mama akaweka kikombe chini.

"Hiyo kadi itoe," akasema.

Nikacheka. Nikamwambia watu wameipigia kura, tena kutoka mpaka Tanga mjini.

"Hao ni watoto waliokufa, mwanangu."

Ubao ulikuwa mapajani mwangu, na vile vijiti vyeusi vilikuwa vimelala safu moja, vizuri, nilivyovipangusa kwa mafuta ya nazi viwake.

Akanieleza, kwa Kishambaa, kama anavyofanya jambo likiwa zito. Wanawake wa lesi hawakuchonga mapambo. Mtoto alipozaliwa, mama yake alichonga kijiti. Pete ni binti. Madoa ni mvulana. Mchirizi ni pacha. Mtoto akifariki, mama alikirudisha kijiti motoni, akakishika hapo mpaka ncha ikawa nyeusi, kisha akaendelea kukifanyia kazi pamoja na vingine. Hakukitupa, na hakukiweka pembeni. Mtu angepita akaona mwanamke anasuka lesi tu.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nilikuwa nimefanya mashindano ya urembo kwa watoto waliofariki. Nilikuwa nimeahidi kushona gauni. Nilimuuliza Mama kwa nini aliniacha wiki zote hizo nikijichekesha mbele ya watu. Akasema alikuwa anatafuta pa kuanzia.

Sikumwelewa. Sasa namwelewa.

"Tena umewatenganisha na mama zao," akasema. Akavuta ubao karibu yake, akaanza kuvunja makundi yangu yote. Alikuwa anapapasa vichwa. Kichwa ni mama, alisema, na mwili ni mtoto. Kila mwanamke alikuwa na kichwa chake, na hakuna aliyemwiga mwenzake. Mabapa akaweka huku, ya kuchongoka kule, ya harage mbele yake.

Nikainama kumsaidia, na nakiri kwamba nilianza kufurahi. Zilikuwa zinatokea familia! Mama alikuwa anataja majina na mimi napiga kelele. Yule muuza nyama wa karibu na stendi ni Kamba, yeye na nduguye, na kwa tumbo alilonalo leo ilikuwa kazi kuamini aliwahi kuwa kijiti. Mwalimu wangu wa darasa la tatu ni Pete. Nilisahau aibu kabisa. Nilikuwa nafikiria kadi mpya nitakazoandika.

Yakabaki maharage, vijiti vya Mama mwenyewe. Kimoja chenye madoa na ncha nyeusi: huyo ni mvulana aliyetangulia kabla yetu, tunamjua kwa kaburi lake tu. Kingine chenye madoa: kaka yangu Eliasi. Nikakibusu kwa utani, nikasema huyu mpaka leo ana kichwa cha harage.

Kisha nikangoja changu.

Nikatafuta pete yenye kichwa cha harage. Nikatazama kwenye ubao, kwenye boksi, chini ya meza, kwenye mikunjo ya kitambaa. Nikaanza kuwalaumu watoto wa jirani wanaoingia humu kuchezea vitu. Nikasema, "Mama, changu kimepotea."

Mama alinyoosha mkono pale nilipokuwa nimekiacha kile cha peke yake, akakichukua, akakiweka kiganjani mwangu, akavifunga vidole vyangu juu yake kwa mikono yake miwili.

Msumeno.

Nilifumbua kiganja. Pete. Chanjo zile. Na kichwa kilikuwa bapa.

Vichwa bapa vilikuwa vya Mama mdogo Rahel.

Nilielewa kabla hajafungua mdomo, na sikutaka kuelewa. Nilisema, "Umekosea, macho yako hayaoni." Akasema kichwa hakihitaji macho.

Ninavyoandika hapa bado natamani awe amekosea.

Haya ndiyo aliyonieleza, na nayaandika kwa kifupi kwa sababu siwezi kwa kirefu. Nilizaliwa Mgwashi. Miezi ilipofika ya kuota meno, yakatangulia ya juu. Wanaonisoma kutoka mbali huenda hawajui maana yake. Mtoto aliyetanguliza meno ya juu walimwita kigego, na kigego walimwogopa kuliko nyoka. Walisema ataimaliza nyumba, atakula ndugu zake mmoja mmoja. Zamani za mababu hakuishi. Wakati nazaliwa mimi watu walikuwa wanakwenda kanisani, wameweka picha za kipaimara ukutani, na hofu ile ilikuwa imebaki chini ya kitanda. Mama mkwe wa Rahel aliona ufizi wangu wakati ananilisha uji. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba mtoto huyu asionekane hapa wiki ijayo.

Rahel alimaliza kitambaa cha lesi alichokuwa anasuka, maana ndiyo ruhusa pekee aliyokuwa nayo ya kutoka nyumbani: kupeleka kazi. Akanifunga mgongoni, akajitwika na mto wake wa lesi kichwani, akatembea. Mama wakati huo aliishi kambini kwenye mashamba ya chai, Baba alikuwa kiwandani. Majirani zao walikuwa watu wa kila upande wa nchi, Waislamu na Wakristo, kila mtu na mila alizoziacha kwao, na hakuna aliyekuwa na muda wa kuhesabu meno ya mtoto wa mwenzake. Baba alinibeba, akaniangalia mdomoni, akasema, "Akimaliza kuota yote, nani atajua yalianza yapi?"

Nimelia kwa sentensi hiyo. Baba yangu marehemu alikuwa mtu wa maneno machache, na sikujua kwamba aliwahi kuyatumia kwa ajili yangu namna hiyo.

Kabla hajaondoka Rahel alichukua kijiti changu, kile alichochonga nilipozaliwa, akaomba kisu. Akaongeza meno. Mama alimuuliza kwa nini anachonga kitu ambacho kingemwumiza mtoto siku moja. Akajibu, "Nisije nikajidanganya kwamba nilimtoa kwa sababu nyingine." Akamwachia Mama mtoto na kijiti, akarudi Mgwashi na kanga tupu mgongoni.

Na huko Mgwashi hakuna aliyemuuliza.

Angalau wangeuliza. Mtu akitoka na kuku akarudi bila kuku, ataulizwa. Yeye alirudi bila mimi, mama mkwe wake akampakulia chakula, wakaendelea na maisha.

Sasa kila kitu kinarudi na kinarudi vibaya. Mama mdogo Rahel aliyekuwa anakuja kila Krismasi na kapu la maharage na matunda damu, na kila mara la kwangu lilikuwa kapu kubwa kuliko la Eliasi. Nilidhani anajipendekeza. Namna alivyokuwa ananitazama mdomo ninapokula, nikamwambia Mama kwamba rafiki yako ana tabia mbaya. Binti yangu alipoanza kutokwa udenda, Mama alikuwa ananawa mikono kila asubuhi na kumpapasa ufizi, mbele yangu, akiimba. Na Mama mdogo akafunga safari kutoka Mgwashi, akakaa hapa mpaka jino la kwanza likachomoza chini. Siku ile wazee wawili wale walicheza uani kama wasichana. Nikawapiga picha. Niliwacheka.

Nimewakasirikia wote wawili. Naandika bila kuficha. Nimemkasirikia Mama kwa kunyamaza, na nimemkasirikia yule kwa kunitazama miaka yote na kurudi kwake. Halafu nakasirika kwa kuwa nimekasirika, maana walichofanya ni kuniacha nikiwa hai. Sijui mtu anashukuruje na kukasirika kwa mdomo mmoja.

Nilimwambia Mama neno baya. Nilimwambia, "Kwa hiyo mimi nililetwa pamoja na mzigo wa lesi." Akasema kwa utulivu wake, "Lesi ile niliiuza siku ya tatu. Wewe nilibaki nawe." Akajifunika shuka, akageukia ukutani. Yuko hivyo mpaka sasa. Nimemwekea uji, hajagusa.

Na kesho ipo.

Kesho Mama mdogo Rahel anakuja. Yeye na Mama ndio wageni rasmi, ndio watakaokata utepe, usharika umemtumia gari la kumfuata. Ataingia kwenye kile chumba, atakwenda moja kwa moja kwenye meza ya vijiti kama mwalimu anayekagua daftari, na mimi nilikuwa nimepanga kumwonyesha mtoto wake akiwa juu ya kitambaa cheupe, mbele ya watu wote, na kadi iliyoandikwa Msumeno.

Mama kabla hajageukia ukutani alinisihi jambo moja. Nikirudishe kijiti ndani ya boksi, nifunge, nimpokee mwenzake kama kila mwaka. Rahel ana watoto wengine kule, wakubwa, wana heshima zao, na hawajui. Mume wake amefariki lakini shemeji zake wapo, na wengine wao watakuja kesho na gari hilo hilo. "Amebeba peke yake muda mrefu," Mama alisema. "Usimtue mzigo kwa kumwangusha."

Nimekaa na maneno hayo tangu mchana. Kuna sehemu yangu, ile ya mbwembwe, inayotaka kukiweka kijiti katikati ya meza na kusema kwa sauti: huyu hapa, ameota yote, hajamla mtu. Na kuna sehemu inayotaka kufanya kama Mama alivyosema, nikae kimya, nimalize kushona sare za watu. Lakini nikikifungia kwenye boksi nitakuwa nimefanya kama wale wa Mgwashi. Nitakuwa nimempakulia chakula na sijamuuliza.

Nimechana kadi zote. Nimeandika mpya, kila mama na watoto wake, hai na waliofariki pamoja. Nimemtumia ujumbe yule dada wa gauni kwamba pindo jeusi sitashona, na sababu nitamweleza nikiweza. Mbele ya vichwa bapa nimeacha nafasi ya kijiti kimoja. Kadi ya hapo haina maandishi.

Nimeacha kuandika kidogo, nimekwenda kukaa kitandani kwa Mama. Sikuomba msamaha kwa maneno, nilishindwa. Nilimwinua, nikamshikia bakuli, akanywa uji kidogo. Nikamwambia kesho asubuhi, kabla ya ibada, nitakwenda mimi kumpokea Mama mdogo gari likifika, nitamwomba tukae pembeni sisi wawili, na nitamwekea kijiti mkononi. Akikipeleka mezani, nitaandika kwenye kadi atakavyoniambia. Akikirudisha mkononi mwangu, nafasi ile itabaki tupu, watu watadhani nilikosea kupanga, na nitawaacha wadhani. Mama akaitikia kwa kichwa, kisha akasema, "Nenda na koti la ziada. Yeye hushikwa na baridi haraka."

Sijui nitamwambia nini kwanza. Nimejaribu sentensi kadhaa hapa kwenye cherehani na zote zimetoka kama za mtu mwingine.

Ila jambo moja nimeshaamua. Nilizoea kuandika na kubonyeza papo hapo, na hayo ndiyo yaliyonifanya niwapigishe kura juu ya makaburi. Haya sitayaweka leo. Yatakaa kwenye rasimu mpaka nimsomee Mama mdogo Rahel kuanzia neno la kwanza, na akisema nifute, nitafuta mbele yake, na hakuna atakayejua kwamba yaliwahi kuandikwa.

Kwa hiyo kama unayasoma haya, ujue amekubali watu wajue kwamba alinizaa.